Mkono wa Pili

Saa kumi na moja alfajiri, Ibra.
Naupima ukuta wa magharibi kwa mgongo wa mkono
kama unavyompima mtoto homa.
Usiku kucha haujapoa.
Jua la jana bado limo, limejikunyata ndani ya saruji
likingoja la leo lije lilitoe.

Kazi hii ni kufuatana na kivuli.
Asubuhi tunapaka magharibi, alasiri mashariki,
na katikati, saa sita na nusu mpaka tisa na nusu,
serikali yenyewe inasema: shukeni.
Shafiqul hulala ukumbini juu ya maboksi.
Mimi huhesabu ndoo.
Ukishupaa ukapaka juani, rangi hukauka kabla haijashika,
hufanya ngozi, hutoa malengelenge,
na mwakani unaibandua kwa kucha
kama ganda la yai la kuchemsha.

Methali yetu inataja ufa. Haitaji chumvi.
Hapa chumvi hupanda toka chini ya msingi,
hutokeza ukutani laini kama unga wa muhogo,
nawe huna budi kukwangua mpaka mfupani.
Puti. Msasa. Praima. Subiri.
Kusubiri hakuna anayekulipa.

Bi Thuwaiba kaletewa kadi ya rangi.
Nje anataka nyeupe, lakini nyeupe ziko kumi na saba.
Majina hayasomi, anazionja kwa macho:
"Hii tui la pili, majimaji.
Hii maziwa yaliyolala.
Hii sanda, niondolee, bado nipo nipo.
Hii hapa! Tui la kwanza."
Nikaandika namba. Dukani hawajui nazi.

Siku ya nne tukaingia ndani.
Chumba cha kulala, kabati la mninga, milango minne,
marehemu mumewe alilileta kwa meli
na tangu liwekwe halikusogezwa.
Tukalisukuma, mimi, Shafiqul na mjukuu,
miguu yake ikalia vigaeni.
Nyuma yake ukuta ulikuwa na umbo la kabati:
plasta tupu, kijivu,
na rangi imepita kandokando,
imekata kona kwa uangalifu wa mwizi.

Shafiqul akacheka. "Fundi gani huyu?"

Mimi sikucheka.
Ile namna brashi ilivyoinuliwa mwishoni, ikaacha kijimkia,
naijua. Mimi ni wa shoto.
Miaka kumi na minne nyuma, mgeni kutoka Muheza,
kiangazi changu cha kwanza,
kichwa kinagonga, kiyoyozi hakijafungwa,
tajiri anataka funguo kesho,
nikajiambia: kabati halisemi.
Chumba kizima nilikipaka mkono mmoja.
Nikapokea malipo ya mikono miwili.

Bi Thuwaiba alikuwa mlangoni na birika la kahawa.
"Nilipaona mwaka ule ule," akasema.
"Pete ilidondoka nyuma, nikamulika tochi."
"Na bado ukaniita mimi?"
"Nimwite nani? Deni lako, alipe mwingine?"
Akapanga vikombe juu ya kifuniko cha ndoo,
na tende, na kitambaa cha kufutia vidole.

Basi tukapapaka pale pasipoonekana.
Mkono wa kwanza. Tukangoja, mlango wazi, feni inazunguka.
Msasa mwembamba, vumbi likafutwa kwa kitambaa kibichi.
Mkono wa pili.
Kisha, Shafiqul akinikodolea macho, wa tatu.
Tukalirudisha kabati mahali pake
na ukuta ule ukaingia gizani ukiwa mzuri kuliko yote.

Siku ya malipo akanihesabia mbele ya mjukuu,
noti moja moja, akilowesha kidole.
Riali sita akazirudisha mkobani.
"Za mwaka ule," akasema.

Sikubisha. Nikashika ngazi yangu, nikatoka juani.
Kwa hesabu yangu mimi
zilikuwa nane.